Nizhny Novgorod: Jiji la Volga lililoitwa mfuko wa Urusi

Katika miji mingi duniani, anayewekewa sanamu kwenye uwanja mkuu ni mfalme, jenerali au rais. Nizhny Novgorod, jiji la Urusi lililo kwenye kingo za mto Volga, limemweka muuza nyama.

Jina lake ni Kuzma Minin. Mwaka 1611 Urusi ilikuwa imebaki bila mfalme, majeshi ya Poland yalikuwa yamekaa ndani ya Moscow, na wakubwa walikuwa wakigombana wao kwa wao. Minin, ambaye wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mmoja wa wazee wa mji, alisimama mbele ya watu akawaambia wachange. Alianza na mali yake mwenyewe. Waliokuwa na fedha walitoa fedha, waliokuwa na vito walitoa vito, na waliokuwa na uwezo lakini wakakunja mikono walilazimishwa.

Fedha hizo ziliajiri askari. Akatafutwa kamanda, Mwanamfalme Dmitry Pozharsky, na Minin akabaki kushika hazina. Mwaka uliofuata, 1612, Moscow ilikombolewa. Hadi leo kila Novemba 4 ni siku ya mapumziko Urusi nzima kwa kumbukumbu ya jambo hilo, na sanamu ya watu hao wawili imesimama Red Square, Moscow. Nizhny Novgorod kuna nakala yake, na Minin ana sanamu nyingine ya peke yake kwenye uwanja mkuu wa jiji.

Niliwahi kumsimulia habari hizo mama mmoja anayevusha vitenge na mchele katika mpaka wa Mutukula. Alicheka, kisha akauliza: "Mwanangu, huko Urusi ukiacha ngano, mbolea na vita, kuna nini cha kwenda kutazama?"

Swali lake ni la haki. Ngano ya Urusi inashushwa Mombasa na Dar es Salaam, tunaila kwenye chapati kila asubuhi, lakini nchi yenyewe wengi wetu tunaijua kwa taarifa za habari tu. Makala haya ni jibu kwake, na kwa kila anayeishi kwa kuvusha mzigo, kwa sababu jiji hili lilijengwa na watu wa kazi kama yake.

Mahali mito miwili inapokutana

Nizhny Novgorod liko takriban kilomita 400 mashariki mwa Moscow. Kutoka Afrika Mashariki msafiri hupitia Addis Ababa, Dubai au Istanbul hadi Moscow, kisha hupanda treni ya kasi inayotumia kama saa nne. Jiji lina wakazi wapatao milioni 1.2.

Jambo moja litamfurahisha msafiri wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam: hahitaji kugusa saa yake. Moscow na Nizhny Novgorod zinafuata saa ileile ya kwetu. Wa Kigali, Bujumbura na Goma watasogeza mbele saa moja tu.

Mji ulianzishwa mwaka 1221 na Yuri Vsevolodovich, mtawala wa Vladimir, mahali ambapo mto Oka unaingia kwenye Volga. Sababu yake mfanyabiashara yeyote ataielewa. Volga ina urefu wa kilomita 3,530 na inamwaga maji yake kwenye Bahari ya Kaspi, jirani na Uajemi na Asia ya Kati. Oka inatokea upande wa Moscow. Aliyeshika njia panda hiyo aliona kila mzigo uliopita.

Jiji limegawanyika sehemu mbili. Ng'ambo ya kulia ya Oka kuna vilima, na huko ndiko ulikoanza mji wa kale. Ng'ambo ya kushoto ni tambarare, na huko kulikuwa na soko, kisha viwanda. Mgeni anashuka kituo cha treni upande wa tambarare, yaani anafikia sokoni kwanza.

Ngome ambayo adui hakuiteka

Mwenye siku moja tu aanze na Kremlin. Neno hilo wengi hudhani ni jina la ikulu ya Moscow peke yake, lakini maana yake ni ngome ya mji, na miji mingi ya kale ya Urusi inayo ya kwake. Ya Nizhny Novgorod ilijengwa kwa matofali mekundu mwanzoni mwa karne ya 16. Ina minara 13, na kuta zake zina urefu wa takriban kilomita mbili, zikishuka bondeni kama ngazi kuelekea mtoni. Tangu matofali hayo yalipopangwa, hakuna jeshi la adui lililowahi kuiteka.

Mwaka 2021, jiji lilipotimiza miaka 800, ngome ilikarabatiwa kwa namna ambayo mgeni anaweza kutembea juu ya ukuta na kuizunguka. Vaa viatu vya kutembelea, maana kuna kupanda na kushuka kwingi.

Mnara mmoja unaitwa Koromyslova, jina linalotokana na mzega, ule mti wa begani wa kubebea ndoo mbili za maji. Wenyeji wana hadithi mbili juu yake. Ya kwanza inasema msichana aliyekwenda kuteka maji alikutana na maadui, akawapiga kwa mzega wake hadi mwenyewe akaanguka. Ya pili ni ya kusikitisha: wajenzi waliamini kwamba mnara hautasimama bila kafara, wakaamua kumzika ndani ya msingi mtu wa kwanza atakayepita alfajiri, na aliyepita alikuwa mke wa mfanyabiashara akienda mtoni na ndoo zake. Ni ngano za wenyeji, si historia, lakini kila anayepita pale husimuliwa.

Ndani ya ngome kuna Kanisa Kuu la Malaika Mkuu Mikaeli, dogo na jeupe, la karne ya 17. Humo ndimo alimozikwa Minin. Nyumba iliyokuwa ya gavana sasa ni jumba la sanaa, na nje kumepangwa silaha za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vifaru na ndege, ambavyo watoto hupiga navyo picha.

Ngazi za rubani

Ukitoka ngomeni utaona sanamu ya mtu anayevaa glavu huku akitazama mto. Huyo ni Valery Chkalov, rubani aliyezaliwa mwaka 1904 katika kijiji kimoja cha juu ya mto huohuo. Juni 1937, yeye na wenzake wawili waliruka kutoka Moscow, wakapita juu ya Ncha ya Kaskazini, wakatua Marekani bila kusimama njiani. Safari ilichukua zaidi ya saa 60. Mwaka uliofuata alikufa akijaribu ndege mpya.

Kutoka miguuni pa sanamu hiyo ngazi zinateremka hadi ukingoni mwa Volga, zimejengwa kwa umbo la tarakimu 8. Ujenzi ulianza mwaka 1943, vita vikiwa bado vinaendelea, ukakamilika mwaka 1949. Vidato vyote vya pande mbili vikijumlishwa ni 560. Vijana hupandisha kwa kukimbia. Watu wazima husimama katikati kwa kisingizio cha kutazama mandhari, na kweli mandhari yapo: Volga yote inaonekana, na ng'ambo yake msitu na tambarare hadi macho yanapochoka.

Soko lililokuja kutoka motoni

Sasa tuvuke Oka twende kwenye kiini cha habari.

Warusi wa zamani walikuwa na msemo kwamba Petersburg ni kichwa, Moscow ni moyo, na Nizhny ni mfuko. Mfuko huo ulikuwa maonesho ya biashara ya kila mwaka, kwa wakati wake miongoni mwa makubwa kabisa Ulaya na Asia. Mtu akitaka kuyapima kwa mizani yetu, afikirie Sabasaba inayodumu wiki sita, yenye mji wake kamili, na ambapo kila mmoja amekuja na mzigo wa jumla.

Soko hilo halikuanzia hapo. Kwa karne mbili hivi lilifanyika kando ya monasteri ya Makaryev, kwenye ukingo wa Volga, chini zaidi ya mto. Agosti 1816 moto ukateketeza majengo yake. Serikali, badala ya kujenga palepale, ikaamua kulihamishia Nizhny Novgorod, na mwaka uliofuata, 1817, biashara ikafunguliwa huko.

Aliyepewa kazi ya kujenga soko jipya alikuwa mhandisi kutoka Hispania, Agustín de Betancourt. Eneo lilikuwa bondeni, kila masika theluji ikiyeyuka maji yalifunika kila kitu. Betancourt aliinua ardhi kwa kifusi, akachimba mfereji wenye umbo la kwato kuzunguka maduka ili mashua zifike karibu na maghala na maji ya kuzimia moto yawe jirani. Chini ya ardhi alijenga mitaro ya maji taka, kitu ambacho miji mingi mikubwa ya wakati ule haikuwa nacho. Aliyewahi kufanya biashara katika soko lisilo na choo ataona kwamba mhandisi huyo aliwajua wateja wake.

Katikati liliwekwa Kanisa Kuu la Mwokozi, lililokamilika mwaka 1822. Mchoraji wake alikuwa Mfaransa Auguste de Montferrand, ambaye baadaye alijenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Isaka la Petersburg. Lakini wajenzi hawakuishia hapo. Kwa sababu soko lilikuwa la watu wa dini nyingi, pembeni yake vilijengwa msikiti na kanisa la Waarmenia. Msikiti na kanisa la Waarmenia havipo tena. Kanisa kuu limesimama hadi leo.

Na bidhaa? Kutoka China ilikuja chai, ikisafirishwa miezi na miezi kwa ngamia, mikokoteni na mashua kupitia mpaka wa Kyakhta, huko Siberia. Milima ya Ural ilileta chuma. Siberia ilileta manyoya. Bukhara na Khiva zilileta pamba, Uajemi ukaleta mazulia na matunda makavu. Kutoka chini ya Volga walipandisha samaki na chumvi, na viwanda vya Moscow na Ivanovo vikaleta vitambaa. Maduka ya chai yaliezekwa mapaa ya mtindo wa Kichina, ingawa waliokaa ndani kwa kawaida walikuwa Warusi walioifuata chai hiyo mpakani.

Chai ndiyo iliyoshika usukani. Kwa miaka mingi biashara ya Kyakhta ilikuwa ya kubadilishana mali kwa mali: vitambaa na manyoya vinakwenda, chai inarudi. Kwa hiyo bei ya chai ilipopatana, ndipo wenye vitambaa walipojua watalipwa nini, na bei nyingine zikafuata.

Ufunguzi ulikuwa katikati ya Julai kwa kalenda ya zamani ya Urusi, bendera zikipandishwa, na kufunga ni mwishoni mwa Agosti. Lakini si kila mzigo uliuzwa taslimu. Mali nyingi iliondoka kwa mkopo, na ahadi ilikuwa kulipa kwenye soko la mwakani. Mtu wa Siberia alichukua vitambaa, akasafiri navyo maelfu ya kilomita, akauza, akarudi baada ya miezi 12 na fedha. Asiyerudi alijifungia mlango mwenyewe, kwa sababu wote aliowahitaji walikuwa mahali pamoja, siku zilezile, na wanazungumza. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale daftari lilikuwepo, lakini kilicholilinda ni kwamba kila mtu angemwona mwenzake tena.

Sifa zake zilifika mbali. Mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas alifika mwaka 1858. Mwaka 1867 alikuja Mwingereza Lewis Carroll. Jules Verne naye alilitumia soko hilo katika riwaya yake *Michel Strogoff* ya mwaka 1876.

Kilicholiua soko

Wafanyabiashara wanaofika leo hutaka kujua soko la namna hiyo lilikufaje. Halikufa siku moja.

Mwaka 1862 reli kutoka Moscow ilifika Nizhny Novgorod. Mwanzoni ilileta neema, watu na mizigo vikaongezeka. Lakini reli iliposonga mbele na kuingia miji mingine, mnunuzi wa mbali hakuwa tena na sababu ya kusubiri Julai. Aliagiza kwa simu ya maandishi, na mzigo ukamfikia. Wenye viwanda wakaanza kutuma mawakala wenye sampuli hadi mlangoni kwa mteja.

Chai nayo ilipata njia nyingine. Serikali iliruhusu chai ya kupitia baharini, na Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 meli zikaileta hadi Odessa kwa haraka na kwa bei nafuu. Ngamia wa Kyakhta hawangeweza kushindana.

Hata hivyo jiji halikuacha kujionyesha. Mwaka 1890 lilijengwa Jumba Kuu la Maonesho, refu, lenye mapaa yaliyochongoka kama majumba ya kale ya Kirusi. Mwaka 1896 yakafanyika maonesho ya viwanda na sanaa ya Urusi nzima. Humo mhandisi Vladimir Shukhov alionyesha mnara wa vyuma vilivyosukwa kama kikapu, wa kwanza wa aina yake duniani, na gari la kwanza la Kirusi la kutumia petroli likaonekana hadharani. Mwaka huohuo jiji likapata tramu ya umeme.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, yakafuata mapinduzi ya 1917, soko likafungwa. Lilifufuliwa mwaka 1922, lakini serikali iliyotaka kushika biashara yote mkononi haikuwa na nafasi ya soko la wachuuzi, na mwaka 1929 ukawa wa mwisho. Jumba Kuu likagawanywa vyumba vya kuishi watu. Leo limerudi kuwa kituo cha maonesho na mikutano, na uwanja wake wa mbele ni mahali pazuri pa kupumzika jioni.

Mtaa wa matajiri na malazi ya wapagazi

Rudi upande wa mji wa kale, ufuate mtaa wa Rozhdestvenskaya, chini ya ngome, sambamba na mto. Hapo ndipo walipojenga wenye fedha. Kanisa la Stroganov, lililowekwa wakfu mwaka 1719, lilijengwa na ukoo uliotajirika kwa chumvi. Limechongwa matunda, majani na maua ya mawe meupe juu ya kuta nyekundu, na mapaa yake ya rangi nyingi yanaonekana tangu mtoni.

Mbele kidogo kuna jengo ambalo watalii wengi hulipita bila kulitazama. Lilikuwa nyumba ya kulala maskini bure, iliyojengwa miaka ya 1880 na ukoo wa Bugrov, wafanyabiashara wakubwa wa unga. Mfuko wa Urusi ulikuwa na tundu lake: maelfu ya wapagazi na vibarua waliobeba mizigo ya soko hawakuwa na pa kulala. Kabla ya meli za mvuke walikuwepo pia wavuta mashua, wanaume waliofungwa kamba vifuani wakivuta jahazi kupandisha mto.

Mtoto wa jiji hili, Maxim Gorky, aliyezaliwa mwaka 1868, alikuwa mjukuu wa mmoja wa wavuta mashua hao. Jina lake halisi ni Aleksei Peshkov. Gorky maana yake ni mchungu. Nyumba ya babu yake, ambaye baadaye alifungua kazi ya kutia nguo rangi, imehifadhiwa kama makumbusho: sakafu ya mbao, jiko la tofali, na mapipa ya rangi uani. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1990 jiji lote liliitwa Gorky kwa heshima yake. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho wageni kutoka nje hawakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya viwanda vya silaha. Ndiyo maana mwaka 1980 mwanasayansi Andrei Sakharov, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, aliletwa kuishi humo kwa kizuizi hadi 1986. Nyumba aliyokaa nayo ni makumbusho.

Jiji lililowahi kuwakaribisha watu wa dini zote sokoni lilikaa miongo mitatu na milango imefungwa. Leo hata wanafunzi kutoka Afrika wanasoma katika vyuo vyake.

Kuvuka Volga hewani

Safari ambayo hupaswi kuikosa haina uhusiano na historia. Ng'ambo ya Volga kuna mji mdogo wa Bor, na wakazi wake wengi hufanya kazi Nizhny. Daraja lilizidiwa na foleni. Februari 2012 ikafunguliwa njia ya kebo, vyumba vidogo vya kukaa watu wanane vinavyoning'inia juu ya mto. Njia nzima ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu, nguzo ndefu kuliko zote ina mita 82, na kati ya nguzo mbili za mtoni kebo inaruka mita zaidi ya 800 bila kushikwa na kitu.

Humo utakaa na wauguzi wanaotoka zamu, wanafunzi na akina mama wenye mifuko ya sokoni. Kwa dakika zisizofika 15 wamevuka. Wakati wa baridi mto ukiganda wanapita juu ya barafu, na chini wavuvi wanaonekana kama nukta nyeusi, kila mmoja ameketi kando ya tundu alilotoboa. Upepo ukiwa mkali huduma husimamishwa, hivyo usipange kuvuka dakika za mwisho.

Mashabiki wa soka watavuka Oka tena hadi Strelka, ncha ya ardhi ambapo mito miwili inagusana. Hapo kuna uwanja uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 2018, wenye viti karibu 45,000. Ndipo Argentina ya Messi ilipofungwa 3-0 na Croatia, na England ikaipiga Panama 6-1. Jirani yake ni Kanisa Kuu la Alexander Nevsky, la mwaka 1881, lililojengwa kwa michango ya wafanyabiashara wa soko.

Cha kununua

Mama wa Mutukula asingenisamehe nisipoeleza bidhaa.

Tafuta Khokhloma. Ni vijiko, mabakuli na vinyago vya mti vyenye maua mekundu na meusi juu ya rangi ya dhahabu. Dhahabu yenyewe haimo. Chombo hupakwa udongo, kisha mafuta ya kitani, kikasuguliwa unga wa bati, au siku hizi alumini, kikawa cheupe kama fedha. Kikishachorwa hupakwa vanishi na kuingizwa kwenye tanuri. Moto unaigeuza vanishi kuwa ya manjano, na fedha inaonekana dhahabu.

Khokhloma ni jina la kijiji kilichokuwa na soko. Mafundi walikaa vijiji vya jirani, wakapeleka vyombo vyao hapo, na mnunuzi akaviita kwa jina la mahali aliponunua. Mahali pa kuuzia pakachukua sifa ya mikono iliyotengeneza, jambo ambalo wafinyanzi na wasusi wa kwetu wanalifahamu. Kitovu cha kazi hiyo leo ni mji wa Semyonov, takriban kilomita 70 kutoka Nizhny, ambako pia hutengenezwa matryoshka, wale wanasesere wanaoingiana. Chombo kilichochorwa kwa mkono hakifanani kabisa na mwenzake: weka viwili pamoja ulinganishe maua. Yakilingana hadi kwenye ncha ya jani, hiyo ni karatasi iliyobandikwa.

Kabla hujafunga mzigo

Tembea uone, lakini usitembee kipofu. Urusi imo vitani na Ukraine tangu Februari 2022, na mkoa wa Nizhny Novgorod umewahi kushambuliwa kwa ndege zisizo na rubani. Viwanja vya ndege hufungwa ghafla, hivyo acha nafasi kati ya ndege moja na nyingine, na soma ushauri wa wizara ya mambo ya nje ya nchi yako kabla ya kukata tiketi.

Kadi za Visa na Mastercard za benki za kwetu hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022. Beba fedha taslimu, noti safi, ubadilishe benki na utunze stakabadhi. Anayeingia na zaidi ya dola 10,000 lazima azitangaze forodhani. Thibitisha masharti ya viza ubalozini wewe mwenyewe, usimwachie dalali.

Na kuhusu madalali, hili ni zito. Vyombo vya habari vya ukanda wetu vimeripoti habari za vijana walioahidiwa kazi nzuri Urusi, wengine wakajikuta wamevishwa magwanda ya jeshi, wengine viwandani kwenye kazi ambayo hawakuikubali. Anayekwenda kutalii au kutafuta bidhaa asafiri kwa viza ya shughuli hiyo, asisaini karatasi ya lugha asiyoisoma, na awaachie nyumbani nakala ya pasipoti na anwani ya hoteli.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti, wakati usiku ni mfupi na mto umejaa mashua. Januari baridi hushuka mbali chini ya sifuri, na koti la Arusha halitakusaidia.

Nilipomaliza kumsimulia, mama wa Mutukula alikuwa akihesabu magunia yake huku lori likinguruma. Hakuuliza tena juu ya ngome wala ngazi. Aliuliza kuhusu yule mtu wa Siberia aliyechukua vitambaa kwa mkopo: alirudi kweli mwakani? Nikamwambia wengi walirudi, ndiyo maana soko lilidumu zaidi ya miaka 100 mahali pale. Akafunga daftari lake, akaliweka kifuani, akasema: "Basi hao ni watu wa biashara."